Honi Isiyo Rasmi

Nchi ninayoitumikia sitaitaja jina, kwa sababu kulitaja nje ya barua za kiofisi kunahitaji kibali, na mwenye kutoa vibali yuko safarini tangu mwaka juzi. Inatosha kusema kwamba ni nchi nzuri, ina amani, na ina Idara ya Kuhifadhi Sauti za Taifa. Mimi ni karani wa idara hiyo. Nimekaa pale miaka ishirini na tisa, na mpaka mambo haya yalipotokea sikuwa nimesikia hata sauti moja kati ya zile tunazozihifadhi. Msinicheke. Kazi ndivyo ilivyokuwa.

Sauti zenyewe ni za magari ya moshi. Mwaka wa mwisho kabla hayajaondolewa, fundi mmoja wa redio ya taifa alibeba mashine yake ya kurekodi akaizunguka reli yote, stesheni kwa stesheni. Alilala kwenye mabehewa ya mizigo, alisimama chini ya madaraja, alining'iniza kipaza sauti karibu na bomba la moshi mpaka kikaungua. Alinasa kichwa cha treni kikipanda mlima kwa kuhema, maji yakimiminwa kutoka tangini, kengele ya stesheni, wauza karanga na mayai wakikimbilia madirishani. Aliona mapema kwamba dizeli ikishaingia, watoto watakaozaliwa watajua sura ya gari la moshi kwa kutazama picha, lakini hawatajua lilivyokuwa likisema. Alipokufa aliacha kanda mia tatu na sita, kila moja imeandikwa kwa mkono wake mahali, saa na jina la dereva. Serikali ikazirithi.

Na Serikali ilizithamini mno. Ikatunga kanuni: kwa kuwa kanda ikipigwa huchakaa, na kwa kuwa urithi wa taifa hauruhusiwi kuchakaa, basi ni marufuku kuzipiga. Kazi yangu ikawa kuzipima uzito. Kila mwisho wa mwaka niliziweka kwenye mizani moja baada ya nyingine, na Mkurugenzi wetu, Daktari Mwombeki, akaliarifu Bunge kwamba urithi wa sauti haujapungua hata gramu. Mwaka mmoja wa mvua nyingi paa lilivuja, kanda zikanyonya unyevu, urithi ukaongezeka kilo mbili. Daktari Mwombeki alipewa nishani.

*

Bi Nyamizi aliingia ofisini kwangu asubuhi moja mwezi wa pili, vumbi la safari ya siku mbili likiwa bado miguuni. Nikamwamkia, shikamoo mama. Hakuitika. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akageuza kichwa, akanielekezea sikio la kulia, akasema marahaba mwanangu, niwie radhi, hili la kushoto limeshafunga duka.

Alikuwa mjane wa dereva Lugendo, aliyeendesha gari la moshi miaka ishirini na miwili akiishi kota za reli pale Lusanje. Daktari wa mkoa alikuwa amempima na kumwambia ukweli bila kuuzungusha: sikio la kushoto limekufa, la kulia linafuata, na mwaka hautaisha kabla halijamaliza safari yake. Bi Nyamizi alikuwa na shida moja tu kabla ya siku hiyo. Alitaka kuisikia honi ya mumewe.

Nilimwambia honi ni honi. Akanitazama kwa huruma, akaniketisha chini, mimi karani wa sauti za taifa, akanifundisha. Honi ya gari la moshi ilivutwa kwa mnyororo, na mkono wa mtu haufanani na wa mwenzake. Kila dereva alikuwa na mvuto wake. Kabla ya kuingia Lusanje kulikuwa na kona, na dereva wa Lusanje akifika konani aliuvuta mnyororo kwa namna yake, na wanawake wa kota, hata wawe kumi wanasukana nywele barazani, walijua huyu ni mume wa nani. Mwenye mume aliinuka akaenda kubandika maji ya ugali. Hakuna aliyewahi kukosea. Ilipokuja dizeli, honi ikawa ya kubonyeza kitufe, wanaume wote wakawa wanalia sauti moja, na wanawake wakaanza kupika kwa kutazama saa.

"Sasa mimi nimeisahau," alisema. "Najua kwamba niliijua. Nikiamka asubuhi naiona iko hapa karibu, nikiifuata inakimbia. Mwenzangu amekufa miaka kumi na tisa, sura yake ninayo ukutani, lakini alivyokuwa akiniita sinayo. Na masikio ndiyo haya."

Alikuwa amesikia kwa mkuu wa stesheni mstaafu kwamba yule fundi wa redio alipata kurekodi gari la Lugendo likiingia Lusanje. Nikafungua daftari. Ilikuwepo. Kanda namba mia moja na kumi na nne, Lusanje, gari la jioni, dereva Lugendo, gramu mia tatu na themanini.

*

Kusikiliza ni marufuku, lakini kuomba kusikiliza ni haki ya kila raia, na fomu yake ipo. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kuijaza, ilinibidi niitoe chini ya boksi la mizani. Ina vifungu tisa. Cha saba kinauliza: eleza sababu za kutaka kusikia.

Bi Nyamizi alitaka tuandike "kumbukumbu" na basi. Mimi, mjuaji, nikamkataza. Nilimwambia Serikali haipendi maneno mafupi, hudhani umeficha kitu. Eleza yote, mama, waguswe. Akaeleza, nami nikaandika kwa mkono wangu na kwa mwandiko wangu unaosifiwa idara nzima: kwamba marehemu alikuwa na mvuto wake wa honi, kwamba aliupiga pale konani kila alipokuwa akirudi, na kwamba aliupiga kwa ajili ya mkewe, ili ajue amefika salama na abandike maji. Nikamsomea. Akasema ni sawasawa, akatia dole gumba. Nilijiona nimetenda jambo jema, na nilikwenda kula chakula cha mchana nikiwa na furaha ya kijinga.

Maombi yakapanda ghorofani. Mwezi wa tatu yalirudishwa kwa sababu dole gumba lilikuwa la kushoto. Bi Nyamizi akasafiri tena siku mbili kuleta la kulia. Mwezi wa nne yalihitaji cheti cha daktari kuthibitisha kwamba mwombaji anaweza kusikia, maana Serikali haiwezi kuchakaza kanda kwa mtu asiyesikia. Mwezi wa tano yalihitaji cheti kingine kuthibitisha kwamba mwombaji anaelekea kutosikia, la sivyo haraka ya nini. Kila alipokuja nilikuwa nasema kwa sauti kubwa zaidi ya mara iliyopita. Mwezi wa sita niligundua kwamba nampigia kelele, na watu wa masjala walidhani namgombeza. Nilikuwa nimechoka na kuona aibu, na nilipopanda kuuliza niliambiwa maombi yako mezani, yanashughulikiwa.

*

Wakati huohuo taifa lilikuwa na jambo kubwa. Mheshimiwa Waziri alikuwa ameahidi treni ya umeme, na ahadi ilikuwa karibu kutimia. Reli ilikuwa tayari. Stesheni ya vioo ilikuwa tayari. Fulana na kanga za uzinduzi zilikuwa zimeshachapishwa tarehe, kwa hiyo tarehe haikuweza kusogezwa. Kilichokuwa hakijafika ni treni, ambayo kwa mujibu wa taarifa ilikuwa katika hatua za mwisho za kuanza kutengenezwa.

Mtu mwenye akili ndogo angeahirisha. Waziri wetu aliuliza swali moja: mwananchi anajuaje kwamba treni imefika? Washauri wakakuna vichwa. Akawajibu mwenyewe kwamba mwananchi hujua kwa masikio kwanza, kuona ni baadaye, na kwamba hatua ya masikio inaweza kuzinduliwa peke yake. Basi akamtaka Daktari Mwombeki atoe katika hazina ya taifa sauti ya treni ikiingia stesheni.

Daktari Mwombeki hakujua kanda yoyote kwa yaliyomo, alizijua kwa uzito. Lakini mezani kwake kulikuwa na maombi ya Bi Nyamizi, na ndani yake imeandikwa namba ya kanda yenye treni inayoingia stesheni. Akapiga simu kwa Waziri. Marufuku ya kupiga kanda, iliyodumu miaka yote ya utumishi wangu, iliondolewa kwa dakika nne. Nilikuwepo, nilitazama saa. Nikauliza kama basi na yule mama anaweza kuja kusikiliza. Nikaambiwa nisichanganye mambo ya kitaifa na ya mtu binafsi.

*

Kamati ya Uhakiki ilikuwa na wajumbe kumi na wawili, Mkurugenzi na fundi wa mashine wakiwemo. Mimi nilikuwa wa kuandika muhtasari. Mkurugenzi alinionya kwamba Waziri atausoma mwenyewe, kwa hiyo lisinipite neno la mjumbe hata moja.

Fundi akawasha mashine. Kumbukumbu zangu za saa ile ni za kwenye karatasi. Nimeandika kwamba zilisikika sauti za watu stesheni, mwanamke akinadi mayai, kisha gari kwa mbali. Nimeandika kwamba ilisikika honi. Nimeandika kwamba mjumbe mmoja alifuta macho, ikaelezwa ni vumbi. Kisha mwanasheria wa idara akauliza ile honi ilikuwa ya namna gani, mbona haifanani na honi iliyo kwenye kanuni za reli. Wakarudia kusikiliza. Kweli, haikufanana.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili. Nilitaka kusaidia. Nikanyoosha mkono nikasema maelezo yake yapo katika kifungu cha saba cha maombi ya Bi Nyamizi, nami ndiye niliyeyaandika. Daktari Mwombeki akakisoma kwa sauti mbele ya kamati, neno kwa neno, na kila alipoendelea niliona nyuso zikibadilika, nikadhani wanaguswa.

Mwanasheria akavua miwani. Alisema kwa masikitiko kwamba kamati imepata ushahidi wa maandishi, uliotiwa dole gumba sahihi, kwamba mtumishi wa umma akiwa kazini alitumia honi ya Serikali, mvuke wa Serikali na mnyororo wa Serikali kuwasiliana na mkewe juu ya ugali, kwa muda wa miaka ishirini na miwili. Wajumbe wakaguna. Wakaisikiliza tena ili wajiridhishe na ukubwa wa kosa. Mmoja alisema anasikia kama kuna mzaha ndani yake, mwingine akasema si mzaha, ni mapenzi, na kwamba hilo ni baya zaidi. Ikapigwa mara tisa. Mimi niliinama na daftari langu, nakimbizana na maneno yao.

Mwishoni Daktari Mwombeki alisimama.

"Ndugu wajumbe," alisema, "taifa haliwezi kuzindua treni inayomwita mke wa mtu. Treni ya umma inamwita kila mwananchi kwa usawa, au haimwiti yeyote. Naagiza sehemu hiyo iondolewe, na ithibitishwe kuteketezwa, ili vizazi vijavyo visije vikaiga."

Ikapimwa, ikawa na urefu wa sekunde kumi na moja. Fundi aliikata kwa wembe. Lakini kanda ikikatwa inapungua uzito, na uzito ulikuwa umeshaarifiwa Bungeni, kwa hiyo akaunga mahali pale kipande kitupu cha urefu uleule. Nikaipima mwenyewe. Gramu mia tatu na themanini. Kipande kilichokatwa kilichomwa ndani ya sahani ya kikombe, na wajumbe wote wakatia saini kwamba wamekiona kikiungua. Tukala kiapo cha siri, tukanywa chai.

*

Uzinduzi ulifana. Spika kubwa zilipangwa kando ya reli, na wananchi waliovaa fulana walitakiwa kurudi nyuma ya mstari wa njano kwa usalama wao. Treni ikasikika ikija. Lazima niseme kweli, hata mimi nilihisi ardhi inatetemeka. Wazee walishikana mikono. Mwanamke mmoja karibu yangu aliinua shingo kuangalia dirisha alilozoea kuuzia mayai. Nilipomwona hivyo ndipo nilipoelewa kwa nini yule fundi wa redio alikubali kuunguza kipaza sauti chake, na nilikereka kwamba tumewanyima watu hawa jambo hili kwa miaka yote hii, kwa ajili ya mizani.

Kisha treni ikafika konani, ikanyamaza kabisa, na ilipoanza kusikika tena ilikuwa karibu zaidi. Mzee mmoja aliyekuwa zamani mlinzi wa kivuko cha reli akasema kwa sauti kwamba treni inayopita pale bila honi itaua watu. Askari wakamsindikiza kivulini akapumzike. Breki zikalia, mvuke ukapumua, Waziri akapungia mkono reli tupu, na magazeti yakaandika kwamba treni ilifika kwa wakati. Hilo ni kweli, ilifika kwa wakati.

*

Katika shangwe hizo Waziri akasamehe mengi, na maombi ya Bi Nyamizi yakakubaliwa. Barua ya kukubaliwa ilimfikia mwezi wa kumi. Alikuja na kanga mpya, imekunjika mistari ya dukani. Sikio la kulia lilikuwa limebakiza kidogo sana. Kwa maneno ya kawaida hakusikia kitu, ilibidi umsogelee na kupaza sauti, lakini alinihakikishia kwamba akivaa vile visikilizio vya masikioni na fundi akifungulia sauti yote, atasikia. Alikuwa amejaribu redio kwa njia hiyo. Alikuwa akilitunzia sikio lake siku hii, hakwenda hata harusini kwa mjukuu kwa kuogopa muziki.

Daktari Mwombeki alishuka na mpiga picha. Bi Nyamizi akavalishwa vya masikioni, fundi akafungulia sauti yote. Akafumba macho.

Kwanza alicheka. Alimtambua muuza mayai, akamtaja jina kwa sauti kubwa kama watu wasiosikia wanavyosema. Kisha akatulia. Nikajua gari limeanza kusikika kwa mbali. Midomo yake ikaanza kucheza. Akainua mkono mmoja kidogo, kama anayemzuia mtu asiongee. Ukabaki hewani. Nilihesabu moyoni, na sitaki kueleza uso wake ulivyokuwa nilipofika saba, nane. Akabana vya masikioni kwa mikono yote miwili. Halafu, gari liliporudi, akaviachia taratibu.

Alipovivua hakuwa na hasira. Alitutazama sote kama mgeni aliyevunja sahani ya watu.

"Yamekwenda," alisema. "Masikio. Nimesikia watu, nimesikia gari linakuja, likafika pale konani, yakanifia palepale. Kisha yakarudi. Mungu ana makusudi yake. Nyinyi mmejitahidi, baba zangu, ahsanteni."

Daktari Mwombeki akampa mkono, picha ikapigwa, faili likafungwa. Aliponipita mlangoni aliniambia polepole kwamba mambo yakiachwa hujiponya yenyewe. Nina nyumba, nina watoto wanaosoma, nimebakiza miaka mitatu nistaafu, na niliapa. Bi Nyamizi alikuwa akifunga kanga yake vizuri aondoke.

Nikamwambia. Hakusikia. Nikarudia kwa nguvu, akatikisa kichwa. Basi nikavuta pumzi nikapaza sauti kwa uwezo wangu wote, milango ya ukumbini ikafunguka, watu wa masjala wakatoka.

"Wameikata, mama! Honi wameikata kwa wembe. Masikio yako hayana kosa."

Akakaa. Akauliza ni nani. Nikapaza sauti nikamwambia ni kamati. Akauliza kwa nini, nikapaza sauti nikamwambia ni kwa sababu ya kifungu cha saba, kwa sababu niliandika kwamba ilikuwa yako. Nilikuwa nikilia na kupiga kelele kwa wakati mmoja, na Daktari Mwombeki alikuwa amesimama kwenye ngazi.

"Waliisikiliza kabla ya kuikata?"

"Mara tisa."

"Wangapi?"

"Kumi na wawili. Na mimi."

Alifikiri. "Kwa hiyo wapo watu kumi na watatu wanaojua mume wangu alivyokuwa akiniita," alisema, "na mimi simo."

Kisha akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana, akageuza kichwa, akaleta sikio lile la kulia karibu na mdomo wangu.

"Haya," alisema. "Wewe umeisikia. Niigizie."

Nikafungua mdomo. Mara tisa ilipita katika masikio haya mazima. Nikaitafuta. Ilianza chini ikapanda, au ilianza juu ikashuka? Ilikatika katikati? Yule aliyesema kuna mzaha aliusikia wapi? Nilikuwa na maneno ya kila mjumbe, na nani aliyakatiza, na nani aliyaunga mkono. Bi Nyamizi alikuwa amefumba macho, anangoja. Wawili kati ya wale kumi na wawili walikuwa wamesimama hapo hapo mlangoni, nao wakatazama chini.

Nilichukua daftari la muhtasari, nikafungua ukurasa wenyewe, nikamsomea sikioni, kwa sauti yote niliyokuwa nayo, kila nilichokuwa nimeandika:

"Honi isiyo rasmi. Sekunde kumi na moja."